Baba Alipopona Mara ya Kwanza

Watu hupenda kusifu harufu ya udongo mvua ya kwanza inapoupiga. Wenzangu kazini hufungua madirisha, huvuta pumzi na kusema inawakumbusha likizo kwa nyanya. Mimi hufunga langu. Harufu hiyo, hasa ya ule udongo mweusi wa Kitengela unaong'ang'ania viatu mpaka mtu anatembea kama amevaa matofali, hunirudishia hasira niliyodhani imekwisha. Si huzuni. Huzuni ningejua pa kuipeleka. Ni uchovu wa mtu ambaye amesema jambo lile lile kwa mtu yule yule tangu utotoni, na bado anapigiwa simu na kuulizwa, "Lakini Nafula, kwani kutakuwa na shida gani nikipumzika hata kidogo?"

Anayeuliza ni baba yangu. Anachotaka kupumzika ni dawa.

Nilikuwa darasa la nne alipozipumzisha mara ya kwanza. Tulikuwa tumepanga kwenye ploti ya Mzee Parsaloi, nyumba chache za mawe zilizozunguka uwanja ambamo watoto walicheza, kuku walidonoa na nguo zilianikwa. Wazazi wangu walikuwa wametoka Bungoma wakiwa bado wapya kwenye ndoa, wakasema watakaa Kitengela kidogo tu, wajipange. Mama alikuwa karani kwenye shamba la maua. Gari la kampuni lilimchukua barabarani kabla jua halijatoka. Baba alifundisha fizikia kwenye shule ya sekondari ya kutwa, na pale ploti kila mtu alimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri.

Maji ya pale yalikuwa na chumvi. Sabuni ilikataa kutoa povu, chai ilikuwa na utando juu, na ukiosha sufuria ikikauka inabaki na madoadoa meupe kama imepigwa chokaa. Maji matamu tuliyanunua kwa mitungi kutoka kwa bausa, lori la tangi, na Mama aliyapima kama mafuta ya kupikia. Hilo lisingekuwa jambo kubwa, ila Baba alikuwa na kiu. Alikunywa akisimama, akiketi, akisahihisha madaftari. Alikunywa hadi jagi likaisha, kisha akanywa yale ya chumvi, akakunja uso, akanywa tena. Mikono yake ilitetemeka kidogo, kikombe kikimgonga meno. Alikuwa amenenepa ghafla, shati likimbana mgongoni, na jioni alikaa kwenye sofa akitazama habari kwa macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Neno la kwanza nililosikia kila asubuhi halikuwa langu wala salamu. Lilikuwa la Mama, kutoka chumbani kwao.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

"Mama Nafula, mimi si mtoto."

"Fungua kwanza, ndiyo tujue kama si mtoto."

Kisha Mama anatoka mbio akifunga kilemba, na Baba anatoka baada yake taratibu, uso umemvimba kwa aibu ambayo mimi niliiona kama usingizi.

Sikujua anameza nini. Watoto hawaambiwi. Nilichojua nilikiokota siku moja Mama alipokuwa akizungumza na dada yake kwa simu, amegeukia ukuta kana kwamba ukuta hauna mimi upande wa pili.

"Rosa, wacha nikuambie ukweli," alisema. "Ako na bipola. Daktari wa Kajiado amesema hii ni ya maisha, hakuna siku ataachana nayo. Mimi nafaa kuzoea tu."

Sasa, shuleni ndiyo kwanza tulikuwa tumefundishwa vifupisho. Bw. ni bwana, Bi. ni bibi. Bw. Juma na Bi. Amina walikuwa wakienda sokoni kwenye kila zoezi. Na kwetu huku bara, mtu ako na homa, ako na gari, ako na mwanamke, yote ni "ako na". Kwa hiyo niliposikia Baba ako na Bi Pola, na kwamba ni wa maisha, na kwamba Mama amekubali kuzoea, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Niliketi kitandani nikamchukia mwanamke huyo kwa moyo wangu wote.

Kila kitu kilipata maana. Kila mwezi wazazi wangu walivaa nguo nzuri wakaenda Kajiado pamoja, wakarudi bila kuongea: walikuwa wamekwenda kuzungumza na Bi Pola. Mama akilia jikoni ni kwa ajili ya Bi Pola. Baba akisinzia mchana ni kwamba Bi Pola amemchosha. Nilimpa sura. Alikuwa mrefu, mweupe wa mkorogo, mwenye kucha nyekundu. Katibu wa shule ya Baba alipopiga simu kuuliza kuhusu mitihani, nilimwambia kwa ukali kwamba Baba ana mke, nikakata.

Ndiyo maana Jumamosi ile, Baba alipoweka pakiti ya vidonge mezani na kuisukuma kuelekea kwa Mama, mimi niliyaelewa maneno yake kwa furaha kubwa.

"Mimi hizi mambo nimeachana nazo," alisema.

Mama alikuwa akichuja chai. Chujio lilibaki hewani. "Mambo gani?"

"Nimepona, Mama Nafula. Angalia. Nalala vizuri, naenda kazi, sijagombana na mtu. Umeniona na shida yoyote?"

"Huna shida kwa sababu unameza!"

"Sasa mtu akipona malaria ataendelea kumeza dawa ya malaria mpaka azeeke?"

"Hii si malaria, Baba Nafula."

"Mimi ni mtu wa sayansi. Nimejipima."

"Umejipima na nini? Na rula?"

Nimesikia mabishano hayo mara nyingi sana tangu siku ile kiasi kwamba ningeweza kuyaigiza peke yangu, pande zote mbili, na kikohozi cha katikati. Yanazunguka mahali pamoja. Anameza, anatulia. Akitulia, anaona hana ugonjwa. Akiona hana ugonjwa, anaacha. Ni kama mtu kuezua mabati ya nyumba yake kwa sababu haijavuja msimu mzima. Na ukimwambia hivyo anakuangalia kwa huruma, kama mwalimu anayemwangalia mwanafunzi aliyeshindwa na swali rahisi.

Lakini siku ile nilikuwa mtoto, na Baba alikuwa ameachana na Bi Pola mbele ya macho yangu. Nilimpa mkate wangu.

Na kweli akapona, kwa jinsi yeye alivyoelewa kupona. Kiu ilipungua. Mikono ikatulia. Macho yalifunguka, na yule mtu wa kwenye sofa akaondoka. Baba mpya aliamka kabla ya Mama, akakanda unga, akapika chapati akiimba nyimbo za Kibukusu ambazo sikujua anazijua. Alichora sayari zote kwenye ukuta wa sebule kwa makaa, akanifundisha kwa nini mwezi hauanguki. Alitengeneza redio ya kila jirani, hata zile ambazo hazikuwa zimeharibika. Watoto wa ploti walinionea wivu. Mama peke yake hakucheka. Alimtazama kama mtu anavyotazama maziwa mekoni, ameshika kifuniko, anajua yatafurika ila hajui ni lini.

Yalianza kufurika na maneno. Baba aliongea haraka, akaacha sentensi katikati akarukia nyingine, akakasirika usipomfuata. Akawa halali. Akaanza kugawa vitu vyetu: pasi, mto wa sofa, koti lake la harusi. Kisha asubuhi moja akasimama katikati ya uwanja, akapiga mguu chini, akawatangazia wapangaji wote kwamba maji matamu yako pale pale chini ya miguu yao, na yeye atayatoa.

Ukimsikiliza ungeamini. Alizungumza juu ya miamba na shinikizo na mteremko wa ardhi kutoka Ngong. Alichora kwenye vumbi kwa kijiti. Mzee Parsaloi, mwenye ploti, alikuwa Kimuka kwa kaka yake na hakuwapo kumkataza. Vijana wawili watatu wakaja na majembe na mtaimbo, wakachimba kwa nguvu mpaka alipoanza kuwabadilishia mahali pa shimo na kuwatukana kwamba wanachimba kama watu wanaozika paka. Wakaondoka. Akabaki yeye, jembe, na ngazi ya kuazima.

Shule hakwenda tena. Mama alificha jembe, akatumia sepetu. Akaficha sepetu, akatumia kifuniko cha sufuria kubwa, akiwa amepiga magoti.

"Twende Kajiado, tafadhali," Mama alimwambia, amesimama ukingoni mwa shimo na sare yake ya kazi. "Daktari amesema nikulete tu, hata leo."

"Sina wakati. Watu wako na kiu."

"Meza basi moja. Moja tu, Baba Nafula, nikiona."

"Unataka nitulie kama kondoo, sindiyo? Ulinipenda nikiwa nimelala."

Nilimwona Mama akiitazama saa, akitazama barabara linakopita gari la kampuni, akimtazama Baba. Akaenda kazini. Sijui angefanya nini. Mtu mmoja alilazimika kubaki na kazi.

Na ushauri ulikuwa mwingi. Kukhu, mama yake Baba, alipiga simu kutoka Bungoma akasema mwanawe amerogwa na watu wanaoionea wivu ile kazi ya serikali, aletwe nyumbani anyweshwe mizizi. Mama mmoja wa kanisani akaja akasema vidonge ni dalili ya imani haba, na kuacha kwake ni hatua njema. Mwalimu mwenzake akasema ni mawazo tu, apewe likizo. Rosa, dada yake Mama, akasema wanaume ndivyo walivyo. Kila mtu alikuwa na dawa yake, isipokuwa ile iliyokuwa juu ya kabati, kwenye pakiti. Mimi mwenyewe niliamini Baba ana huzuni ya kuachana na Bi Pola, na kwamba atazoea.

Mvua ilianza kunyesha nikitoka shule. Matone makubwa, machache, yakitoboa vumbi. Nilipofika kwenye ploti, shimo lilikuwa limemzidi Baba urefu. Nilisikia akiimba kabla sijamwona. Nikachungulia. Alikuwa kifua wazi, tope mpaka kwenye nyusi, akitabasamu kama mtu aliyeona jina lake gazetini.

"Nafula! Shuka uje uone! Shika hapa, kuna unyevu! Maji iko karibu!"

Sijapata kumwona na furaha kama ile. Nilivua mkoba. Nikaweka mguu kwenye ngazi, na ngazi ikateleza kidogo kwenye udongo uliokuwa umeanza kulainika.

Mkono ulinishika sweta kwa nyuma, ukanivuta juu hadi nikakosa pumzi. Alikuwa Mama Hodan, jirani yetu, mama wa Kisomali aliyekuwa na duka la nguo pale nje ya lango. Shungi lake lilikuwa limelowa.

"Wallahi hushuki!" alinifokea. Kisha akainama kwenye shimo. "Mwalimu! Toka! Hii mchanga inapasuka, naona na macho yangu!"

"Wacha mtoto aone sayansi!"

"Sayansi gani? Toka nje, Mwalimu, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Upande mmoja wa shimo ulikatika. Haukuporomoka polepole, ulikatika kipande kizima, kama mkate. Sauti yake ilikuwa ya gunia la mahindi likiangushwa kutoka kwenye lori. Nilipotazama tena, Baba alikuwa amefukiwa mpaka kwapani, ngazi imevunjika juu ya bega lake. Ilisikika mvua tu. Kisha akaanza kucheka.

"Mmeona?" alisema. "Mmeona jinsi imelainika? Maji iko hapa!"

Mama Hodan alikuwa tayari anapiga mayowe kuelekea barabarani. Mume wake, Abdullahi, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka mnadani na lori lake, bado lina mavi na nyasi. Alikuja na watu wake na kamba walizofungia mbuzi. Walilala kifudifudi kwenye tope wakachimba kwa mikono, kwa sababu waliogopa kwamba sepetu itamkata. Kila mara udongo kidogo ulianguka, na kila mara Abdullahi alisema kwa utulivu, "Usisonge, Mwalimu. Usisonge, ndugu yangu." Baba alisonga. Aliwatukana. Alisema wanamwibia maji yake. Walipomfunga kamba kifuani kumvuta, alimng'ata mmoja wao mkono.

Mama alitukuta barabarani. Alishuka kwenye gari la kampuni, akamwona mumewe amelazwa ndani ya lori la mbuzi, bega limeshuka, bado anahutubia. Hakulia. Alipanda, akaketi kwenye nyasi kando yake, akanipakata.

"Nani alikuwa anamwangalia?" Abdullahi aliuliza, si kwa ubaya.

"Mimi niangalie mtu ama nifanye kazi?" Mama alisema. "Niambie, Abdullahi. Nichague gani?"

Abdullahi alifunga mlango wa lori, tukaenda Kajiado.

Hospitalini walimchoma sindano, akalala. Tulikaa kwenye benchi, Mama na tope limemkauka kwenye sketi. Daktari wa kliniki ile, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye alionekana kumfahamu Mama vizuri, alikuja akaketi nasi. Walizungumza kidogo kuhusu bega, kisha kuhusu dawa. Mimi nilikuwa na swali langu, na niliona kwamba sasa sote tuko matatizoni, hakuna haja ya kuficha.

"Na Bi Pola ameambiwa kwamba Baba ameumia?" niliuliza.

Mama aligeuka. "Nani?"

"Bi Pola. Yule mwanamke Baba aliachana naye."

Mama alinitazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akainama, mpaka wagonjwa wengine wakageuka, na sikujua kicheko kiligeuka kilio saa ngapi kwa sababu mabega yalitikisika vile vile. Daktari alimwekea mkono mgongoni, na akaninong'oneza mimi.

"Bipola si mtu, mama. Ni jina la ugonjwa. Baba yako roho yake inaweza kupanda juu sana, anaona anaweza kufanya kila kitu, halali, hachoki. Halafu inaweza kushuka chini sana, hataki hata kuamka. Dawa inamshikilia hapa katikati."

"Akipona ataacha?"

"Akiacha, inarudi."

"Sasa mbona aliacha?"

Daktari alitabasamu kwa uchovu. "Hiyo ungemuuliza yeye."

Hakuna aliyemuuliza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko shimo lenyewe. Baba alirudi nyumbani na mkono kwenye kitambaa, mpole, mzito, akilia bila sababu mbele ya taarifa ya habari. Mzee Parsaloi alikuja, akamsalimia kwa Kimaasai, "Supa, Mwalimu," Baba akashindwa hata kuitikia "Ipa". Mzee akazunguka shimo akitingisha kichwa, akaleta vijana walifukie, na kwa heshima ya Mama hakutufukuza. Na kila mmoja wetu akageuka polisi. Mama alimkagua mdomo kwa tochi ya simu. Kukhu akaja kukaa nasi, naye akamkagua kwa sala. Mimi nikapewa zamu ya kumtazama koo likipanda na kushuka. Tulimwambia meza, umemeza, mbona hujameza, meza sasa hivi. Siku moja Mama aliinua mto wa sofa akitafuta rimoti akakuta vidonge vimejibana kwenye mshono, vimelowa mate na kukauka.

"Nimechoka!" alipiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele hivyo. "Mimi si askari jela! Unataka kufa kwenye shimo, chimba! Lakini usimwite mtoto wangu ndani!"

Baba alikaa akitazama mikono yake.

Zamu ya kliniki ilipofika shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikwenda nao. Mama aliviweka vile vidonge juu ya meza ya daktari, vikiwa kwenye karatasi ya shashi. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi nimemaliza maneno."

Daktari hakuvigusa. Alimgeukia Baba. "Mwalimu, hii dawa inakufanyia nini mbaya?"

Baba alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, vidole vimetandazwa. Vilikuwa vikitetemeka.

"Siwezi andika ubaoni," alisema. "Nikichora sakiti, laini inapinda. Nilikuwa naonyesha wanafunzi kupima asidi ya betri, nikamwaga. Wakacheka. Wananiita Mwalimu Netwaki. Eti mikono inatafuta netwaki." Alijaribu kutabasamu. "Nikiingia darasani wanainua vitabu juu kama simu, hivi. Hata wale wazuri. Hata wale mimi ndiye nawalipia chakula cha mchana."

Mama alikuwa amefunika mdomo. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia nimeze."

Nje, mtu aliita jina la mgonjwa mwingine.

"Basi sikiliza," daktari alisema. "Tutapima damu leo. Kipimo chako naona kinaweza kushuka kidogo, na kuna kidonge kingine cha kutuliza mikono. Haitaisha yote, sikudanganyi. Lakini ukisumbuliwa, huachi. Unakuja hapa, unanigombeza mimi. Sawa?"

"Sawa," alisema Baba.

Ningependa kusema kwamba mambo yalikwisha pale. Yangekwisha, leo nisingekuwa nafunga madirisha. Aliacha tena nilipokuwa sekondari, kwa sababu alijisikia vizuri. Aliacha tena Kukhu alipofariki, kwa sababu alijisikia vibaya. Mara hizo zote tulimpeleka Kajiado akiwa anatulaumu, na mara hizo zote alirudi akiwa anaomba msamaha, na hiyo ya mwisho mimi nilikuwa mtu mzima, mwenye kazi na mkopo na watoto, nikiendesha gari na meno yamekazwa. Amestaafu. Mikono inatetemeka kidogo tu. Mwezi uliopita alinipigia kuniambia amesoma mahali kwamba mazoezi ya kupumua yanatosha. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza ni nini kinamsumbua. Akasema kiu. Nikamwambia ampigie daktari. Akanung'unika, akampigia. Hivyo ndivyo tunavyoishi, na mtu asiniambie kwamba ni hadithi ya matumaini. Ni kazi.

Lakini siku ile Baba alipoonyesha mkono wake, tulipotoka kliniki, tulikuwa na njaa. Tulisimama Isinya kwenye hoteli ya nyama choma kando ya barabara, meza za mbao na Wamasai wawili wakila mbavu. Nyama ilipoletwa, Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti mpya, akaiweka mezani mbele ya watu. Kwetu dawa zile hazikuwa zimewahi kuonekana na watu wa nje.

Alijaribu kutoboa karatasi ya pakiti. Vidole vilikataa. Alijaribu tena, kidonge kikaruka, kikagonga sahani, kikabingirika chini ya meza. Nilimwona Mama akiinuka nusu, kisha akaketi juu ya mikono yake mwenyewe, akaangalia barabara. Baba alipiga magoti, na unene wake wote na bega bovu, akapapasa kwenye vumbi kati ya viatu vya watu mpaka akakipata. Akakitazama, akakitupa. Akaketi. Akatoboa kingine polepole, akakiweka ulimini, akanywa maji. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo.

Mchoma nyama alikuwa amesimama na kisu chake, akitazama yote. "Mzee," aliuliza, "kwani unaumwa?"

Mama aliacha kutafuna. Mimi nilitazama chini. Baba alijifuta vumbi kwenye magoti, bila haraka.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika nyuma kabisa. "Niko mgonjwa. Lakini niko na dawa yangu. Tuletee pilipili."